Ukaguzi uwanja wa ndege: usalama, au ubabe wa mwenye sare?

Mwanzisha mada, Kamalondo:
Wandugu wa Lubumbashi, nipingeni. Mama mkubwa alikuwa anasafiri kumwona mjukuu. Uwanja siutaji. Mkaguzi akamzuilia chupa ya asali ya porini kwa kuwa imezidi mililita 100, kisha akamnong'oneza kwamba kwa dola 5 inapita. Kama ile asali ni hatari, dola 5 zinaiponya vipi? Kama si hatari, ilizuiwa ya nini? Kanuni ikishakuwa na bei, si usalama tena.

Mwalimu, Katuba:
Unachanganya mambo mawili. Rushwa ni dhambi ya mtu, kanuni ina asili yake. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walikamata kundi lililopanga kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji ndani ya chupa za vinywaji. Ndipo Ulaya ikaweka hiyo 100. Kuvulishwa viatu nako: Desemba 2001 Richard Reid alijaribu kuwasha kilipuzi kilichofichwa kiatuni, ndege ikitoka Paris kwenda Miami. Hayo hayakutungwa na mkaguzi mwenye njaa.

Mwanzisha mada:
Asili naikubali. Lakini Marekani iliacha kuvulisha abiria viatu Julai 2025, na mwaka huohuo Edinburgh ikaruhusu chupa hadi lita 2, maana skana mpya zinatambua kilichomo. Walioanzisha kanuni wanailegeza. Sisi je?

Niliyewahi kukaa kwenye skana:
Wao wamenunua mashine, hawajalegeza moyo. Skana ya zamani inakupa picha bapa: asali, shampuu, kitu kibaya, vyote ni doa la rangi moja. Nawe una sekunde chache, foleni inapiga kelele. Mnadai tutumie akili. Nikiitumia nikamruhusu bibi, kesho itatokea shida na nitakayeulizwa ni mimi, si akili yangu. Na nyinyi mnaodai akili, mbona hamsemi juu ya mkubwa anayepita pembeni na walinzi wake, begi halijafunguliwa? Tundu liko pale, si kwenye asali.

Mama wa biashara, Ruashi:
Papa mwalimu, historia ni yako. Miye nauza vinkubala, bile viwavi ya kukula, na samaki ya kukauka. Banaingiza mikono mu mufuko na glavu ile ile yenye balishikia nayo viatu ya mutu. Bakague, sikatae. Lakini babadilishe glavu! Na mwanamuke akaguliwe na mwanamuke, pembeni, si mbele ya foleni yote.

Mwalimu, Katuba:
Mama, hapo sina la kubisha.

Mpenda ndege:
Nyote mnaangalia chupa. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege aina ya Let 410 ilianguka Bandundu, hapa kwetu Kongo, ikikaribia kutua. Watu 20 walikufa, akapona mmoja. Kwa maelezo yake, mamba mdogo aliyefichwa ndani ya begi la abiria alichomoka, watu wakakimbilia mbele na ndege ikapoteza mizani. Hakuna bomu hapo, hakuna gaidi. Nchi ambayo mashirika yake ya ndege yako kwenye orodha ya marufuku ya Ulaya tangu 2006, ingekuwa busara ukaguzi uanzie kwenye mizani: begi la mkononi lina kilo ngapi, ndani kuna nini chenye kupumua. Mizigo ya kubebwa mkononi inayozidi kipimo inapita kila siku huku tunagombania pafyumu.

Niliyewahi kukaa kwenye skana:
Kupima ni kazi ya shirika la ndege, si yetu.

Mpenda ndege:
Ndege ikipinda haiulizi ni kazi ya nani.

Mwanzisha mada:
Basi nipunguze dai. Sitaki asali ipite kwa huruma. Nataka kila kinachozuiwa kiandikiwe karatasi: kitu gani, nani amekichukua, saa ngapi, na abiria apewe nafasi ya kumrudishia aliyemsindikiza. Mkaguzi akilazimika kutia sahihi, ile dola 5 ataiombea wapi? Kuna aliyewahi kupewa karatasi ya namna hiyo?

Mama wa biashara, Ruashi:
Miye karatasi yenye nilipewa ni ya Go-Pass tu, ile ya kulipa feza ya uwanja wa ndege.