Mrejesho: miche iliyokuwa ikilala kwenye madumu ya roshani

Ndugu zangu, mvua za Machi zilipoanza niliwauliza kwa nini miche yangu ya mchicha na nyanya, niliyoisia katika madumu yaliyokatwa kwenye roshani yetu hapa Kampala, ilikuwa ikisinyaa shingoni na kulala mara tu baada ya kuota. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuongeza matundu chini ya madumu, kuchanganya udongo na mchanga na samadi iliyooza vizuri, kusia mbegu kwa nafasi, na kumwagilia asubuhi badala ya jioni ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Mchicha umestawi mno: mashina ni manene, yana wekundu pale yanapoingia udongoni, na tumeshachuma mboga. Nakati, mboga ya majani ya huku Uganda, ilichelewa kuota, kama mlivyonitahadharisha, lakini imeota.

Nyanya hazikufaulu. Hazilali tena, ila zimerefuka na kupauka, kwa kuwa ghorofa la jirani linazuia jua la mchana, nazo zinahitaji walau saa 6 za jua kamili. Aliyependekeza sukuma wiki, inayovumilia kivuli kiasi, nimemsikiliza. Mbegu zake nimezisia jana.