Kwera wa Clarke au kwera-msitu? Naomba msaada wa kutambua

Mgeni_Gede: Wakuu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kwenye miti ya mirihi, kuna kundi la kwera (ndege wanaofuma viota) weusi wenye tumbo la njano, wanapita vileleni bila kutulia. Kitabu kinanipa wawili: kwera wa Clarke (Ploceus golandi) na kwera-msitu (Ploceus bicolor). Picha zote nimepiga kutoka chini na zina giza. Nitazame wapi?

Bawa_Jeusi: Anza na bawa, achana na tumbo. Njano chini na weusi juu wanayo wote wawili, ndipo wengi wanapokwama. Dume wa Clarke manyoya yake ya bawa yana kingo za njano, bawa likikunjwa zinaonekana kama michirizi. Kwera-msitu wa Pwani ana bawa jeusi tii. Halafu angalia weusi wa mbele unakomea wapi: kwa Clarke unashuka hadi kifuani, kwa mwenzake unaishia kooni. Picha za giza ziongezee mwanga kwenye vivuli tu; ukiongeza picha nzima anga linameza kingo za bawa.

Mrihi_Mkavu: Njia rahisi zaidi ni kumtafuta jike. Kwera-msitu dume na jike wanafanana. Jike wa Clarke mgongo ni kijani-zeituni, chini njano. Kundi lenye weusi na wa kijani pamoja, basi umeshampata. Ila hakikisha wa kijani wanaruka na kundi hilohilo, maana vileleni ndege wa aina nyingi hula pamoja.

Mgeni_Gede: Picha moja ina wa kijani wawili, na bawa lina michirizi.

Mrihi_Mkavu: Huyo ni Clarke. Na mirihi yenyewe inakubali, ndiyo miti anayoipenda. Kwenye vichaka vya mifunda, miti mingine ya msitu huo, ningesita.

Bawa_Jeusi: Nyongeza: dunia nzima anapatikana Kilifi tu, Arabuko-Sokoke na Dakatcha, kaskazini ya Malindi. Alipewa jina la kisayansi 1913, lakini viota vyake vilikuja kujulikana 2013, Dakatcha, kwenye mabwawa ya msimu yenye majani ya jamii ya ndago. Kwa hiyo usimtegemee Sokoke mwaka mzima. Ukiandika rekodi weka tarehe, aina ya miti, idadi ya weusi na ya wa kijani, kila moja peke yake. Ukikuta viota, usiweke mahali hadharani.