Cheti cha ufundi magari + diploma ya uongozi: viza ya 485 itapita?

MtuWaTabata:
Wakuu, habari za muda huu. Niko Melbourne mwaka wa tatu sasa. Nilisoma Cheti cha Tatu cha ufundi wa magari madogo, wiki 60. Wakala aliyenitafutia chuo akanishauri nimalizie na diploma ya uongozi na usimamizi, wiki 52, eti ada nafuu na darasani ni siku mbili tu. Nimeimaliza wiki tatu zilizopita.

Sasa nataka kuomba 485, ile viza ya Australia ya muda ya kufanya kazi baada ya masomo, mkondo wa waliotoka vyuo vya ufundi, kazi nitakayotaja ni fundi magari, namba 321211 kwenye orodha yao ya kazi. Umri 33. IELTS, mtihani wa Kiingereza, nilifanya Februari mwaka huu, 6.5. Wakala anasema 60 na 52 ni 112, wiki za masomo zinazotakiwa ni 92, nimevuka. Ila jana mzee mmoja gereji kaniambia diploma yangu haina grisi, yaani haihusu magari. Toka hapo usingizi sina. Viza ya uanafunzi imebaki wiki saba.

SpanaKumiNaTatu:
Huyo mzee mnunulie soda. Kila cheti unachokiingiza kwenye zile wiki 92 lazima kihusiane kwa karibu na kazi uliyoitaja. Kila kimoja, mkuu, siyo kimojawapo. Toa diploma uone unabaki na ngapi. 60. Una upungufu wa wiki 32.

BintiMzizima:
Mbona mnamtisha mwenzenu? Mimi nilimaliza shahada ya uhasibu Sydney, nikapata 485 na hakuna aliyeniuliza habari za kazi.

SpanaKumiNaTatu:
Dada, wewe ulipita mlango wa wenye shahada. Kule hawaulizi kazi wala orodha ya kazi. Wa vyeti na diploma ndio wanaobanwa.

Kipanga_77:
Lakini fundi mkuu si anaongoza vijana gereji? Anaagiza vipuri, anapanga zamu. Akijieleza vizuri kwenye barua si inaweza kupita?

SpanaKumiNaTatu:
Hoja hiyo nimeiona ikijaribiwa. Mtoa post, chukua ile karatasi yako ya matokeo uisome somo kwa somo. Cheti cha Tatu kina breki, usukani, mfumo wa umeme, injini. Diploma ina nini? Kuongoza timu, kusimamia bajeti, kuandaa mpango wa kazi. Masomo hayo yanamfaa mwenye gereji, mwenye saluni na mwenye duka la viatu. Kinachomfaa kila mtu hakiwezi kuhusiana kwa karibu na kazi ya fundi. Na ukikataliwa, ada hairudi, halafu kila fomu ya viza utakayojaza mbele inakuuliza kama umewahi kunyimwa.

MtuWaTabata:
Nimeisoma. Masomo ya diploma yote, neno gari halimo hata mara moja. Sasa nifanyeje jamani?

MamaWawili_Perth:
Pole mdogo wangu. Mume wangu alipita hukohuko. Tafuta Cheti cha Nne cha uchunguzi wa hitilafu za magari. Hakikisha wiki zake kwenye CRICOS, rejista ya serikali ya kozi za wanafunzi wa kigeni, zinatosha kuziba hizo 32. Usihesabu kwa kalenda yako wala kwa maneno ya dada wa mapokezi. Ukikimaliza, vyeti vyako viwili vitasimama vyenyewe, diploma iache kabatini. Miezi sita unayopewa ya kuomba 485 itaanza siku utakayotimiza masharti ya kozi hiyo, siyo siku ya joho na picha.

Omba viza mpya ya uanafunzi kabla wiki saba hazijaisha. Ada ni dola 2,000, iliuma hata kwetu. Na utaulizwa kwa nini unatoka diploma unashuka kwenye cheti, kwa hiyo waeleze ukweli kwamba fani yako ni magari.

Kitu kingine: majibu ya IELTS yanahesabika miezi 12 tu kabla ya kuomba. Ya Februari yatakuwa yameshachacha. Utarudia, na hakuna kipengele kushuka chini ya 5.5. Umri hauna shida, mwisho ni 35.

Kipanga_77:
Na TRA je, wale wanaopima ufundi wa waombaji? Siku unayoomba 485 lazima uwe umeshawasilisha maombi ya kupimwa ufundi kwao. Wanataka saa 360 za kazi au mafunzo ya vitendo kwenye fani hiyohiyo. Slipu za mshahara unazo?

MtuWaTabata:
Hapo ndipo ninapochoka. Gereji ya kwanza walikuwa wananilipa mkononi, noti ndani ya bahasha iliyojaa oili, hakuna karatasi. Hii ya sasa wananipa slipu kila wiki mbili, lakini nimeanza Mei.

MamaWawili_Perth:
Ya bahasha yasahau. Kuanzia Mei jumlisha saa zako, na slipu usiziache kwenye simu peke yake. Na huyo wakala muulize namba yake ya usajili wa uhamiaji. Wakala wa vyuo asiyesajiliwa haruhusiwi kukushauri mambo ya viza.

MtuWaTabata:
Nimemuuliza, kasoma meseji, kanyamaza. Mchana nimepita chuoni: Cheti cha Nne kipo, wiki 34, darasa linaanza baada ya wiki tano. Slipu nimejumlisha, saa 214. Kesho naomba zamu ya Jumamosi.