Paka wawili wamenishinda, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mpangaji wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa sebuleni na ufagio mkononi, msicheke.

Nina paka wawili wa tumbo moja, nimekaa nao tangu Novemba walipokuwa wa kuenea kiganjani. Majina yao Simba na Yanga, wote madume. Simba ni rangi ya chungwa mwili mzima. Yanga ana mabaka meusi, ya chungwa na meupe. Walipokuwa wadogo walikuwa burudani, sasa hivi ni genge.

Juzi nimenunua changu Feri, nimewakaanga, nikafunika sufuria na juu ya mfuniko nikaweka kinu cha kutwangia vitunguu saumu. Nikaingia kuoga. Natoka, kinu kiko sakafuni, Simba anamalizia kichwa, Yanga kakaa mlangoni kama mlinzi wa benki. Chandarua wamekipanda mpaka kimekuwa cha kuvulia papa. Kiatu cha kazini kimekojolewa. Wiki iliyopita Yanga alikuwa anakimbiza panya darini, akakanyaga jipsamu iliyolowa mvua, akashuka nayo hadi juu ya televisheni. Mwenye nyumba kasema nitalipa. Hapo sijataja vifaranga vitatu vya jirani.

Swali ni moja tu: kuna dawa au mbinu ya kumfanya paka atulie ndani ya siku nne?

Dagaa Mchele
Yaani Yanga analinda mlango ili Simba ale? Mwaka huu tutaona mengi.

Mtani wa Jangwani
Simba anakula, Yanga anatoboa dari na kudaiwa kodi. Sijaona jipya.

Mama Wawili
Pole kaka. Mimi wangu alikuwa anachana kochi, nikaambiwa nipake pilipili ya unga. Nikapaka. Aliyeshika kochi ni mwanangu wa mwisho, akajifikicha macho, usiku ule tulilala zahanati. Paka alikuwa anatuangalia tu kutoka dirishani. Usitumie pilipili.

Kichwa Ngumu
Mkuu mpe nusu ya Panadol kwenye dagaa, analala fofofo. Asante baadaye.

Daktari wa Ng'ombe
MSIMPE PAKA PANADOL. Hata nusu kidonge. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anavimba uso na kufa kwa mateso. Nimeshaletewa wa namna hiyo zaidi ya mmoja na kila mwenye paka alikuwa "kaambiwa mtandaoni".

Mleta uzi, unawalisha nini na mara ngapi?

Mpangaji wa Tabata
Ugali na mchuzi, dakitari. Jioni nikirudi.

Daktari wa Ng'ombe
Basi si wezi hao, wana njaa. Paka si mbwa, hawezi kuishi kwa ugali. Lazima apate nyama au samaki. Chemsha dagaa bila chumvi wala kitunguu, wape asubuhi na jioni. Kochi wanalichana kwa sababu kucha zinahitaji kuvuliwa ganda la nje, hilo huwezi kulizuia. Tafuta gogo, lizungushie kamba ya katani, liweke karibu na kochi. Kiatu kinakojolewa ama kwa sababu hawana pa kujisaidia panapowaridhisha, ama kwa sababu hawajahasiwa. Weka mabeseni mawili yenye mchanga au maranda, usiwape moja wagombanie. Cheza nao kabla ya chakula cha jioni, wakishiba watalala na wewe utalala. Na kama hawajachanjwa kichaa cha mbwa, wapeleke. Paka naye anaambukiza.

Ila kwa siku nne hakuna kitakachobadilika.

Bi Mkubwa wa Kibokoni
Mwanangu, wazee walisema paka wa nyumba haingwa. Sisi Mombasa, nyumba isiyo na paka twaiona kama haina mtu. Marehemu bibi yangu alikuwa na saba, na alikuwa akijua kila mmoja amelala wapi kuliko alivyojua wajukuu. Siku moja alimkosa mmoja kabla ya magharibi, tukatolewa sote na kurunzi hadi Forodhani. Tulimkuta kwa muuza mishikaki, amenona kutushinda. Nenda Lamu ukaone paka walivyo pwani kwenye mashua, wala hapana aliyekufa kwa sababu yao.

Ustadh Mpole
Ndugu zangu, tunajua habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na swahaba mkubwa alijulikana kwa jina la Abu Huraira kwa ajili ya kipaka chake. Mleta mada ajitafakari.

Kiroboto
Nimesoma mara mbili. "Kabla ya Jumamosi", "ndani ya siku nne". Jumamosi kuna nini mkuu?

Mpangaji wa Tabata
Ni ratiba zangu tu. Dakitari asante, ya katani nitajaribu.

Kiroboto
Ratiba gani? Na hao paka walifikaje kwako? Mwanaume anayelisha paka ugali hakwenda kuwatafuta mwenyewe.

Mama Wawili
Nakazia swali.

Mpangaji wa Tabata
Sawa, niseme basi. Paka ni wa mke wangu. Alipewa na marehemu baba yake wiki mbili kabla mzee hajafariki. Mke ana mimba ya miezi saba, yuko kwao Tanga tangu mwezi uliopita, anarudi Jumapili. Nesi wa kliniki alimwambia paka na mimba havikai nyumba moja. Yeye alilia, akasema tutaona. Mimi nimeona.

Nimeongea na kijana wa boda, Jumamosi asubuhi anawapeleka Kibaha kwenye gunia lenye matundu. Nimeshampa advansi elfu tano. Mke nitamwambia wametoroka. Ila roho inanisuta kidogo, ndiyo maana nikauliza kama kuna njia ya kuwatuliza. Msinihukumu, siwaui, nawahamisha tu. Kibaha kuna mashamba, panya tele.

Bi Mkubwa wa Kibokoni
Zawadi ya marehemu? Kwenye gunia?

Dagaa Mchele
Nilijua tu kuna mwanamke.

Mzee wa Kimara
Huyo boda atawaacha Mbezi Luis na hela atakula. Halafu watarudi. Mimi mwaka 2014 nilimtupa wangu Mbezi, siku ya tatu nakuta kalala kwenye mkeka wangu Kimara, ananiangalia kama mtu anayesubiri maelezo. Nilishindwa kula mbele yake.

Mtani wa Jangwani
Na mke akikuuliza wametoroka vipi wote wawili siku moja utasema walipanda mwendokasi?

Daktari wa Ng'ombe
Kuhusu mimba, nesi hakukosea kuonya ila hakumaliza. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma. Paka hukitoa kwenye kinyesi, zaidi kwa wiki chache baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi kinahitaji siku moja hadi tano ndipo kiweze kuambukiza mtu. Maana yake beseni lisafishwe kila siku na asilisafishe mjamzito. Usafishe wewe, kwa glavu, unawe. Paka usiwape nyama mbichi. Na mkeo mwenyewe apike nyama iive na aoshe mboga za majani vizuri, maana wengi huambukizwa huko, hata wasio na paka. Hakuna haja ya gunia.

Halafu tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Gunia juu ya boda mpaka Kibaha, jua la saa nne, ni mateso.

Mpangaji wa Tabata
Nimekuelewa dakitari, lakini boda nimeshamlipa na mke karibu anarudi. Na nani atasafisha beseni kila siku? Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

Mama Wawili
Unatoka saa kumi na moja, dakika tano za beseni huna, lakini za kusuka mpango wa boda unazo. Na nepi utabadilisha saa ngapi?

Jicho la Tatu
Wakuu mnahangaika bure, hii ni chai. Paka wa rangi tatu huwa jike. Huyu anasema Yanga ana meusi, chungwa na meupe, halafu dume. Hajawahi kumwona huyo paka. Kakaa ofisini anatunga, ninyi mnamwaga machozi.

Kichwa Ngumu
Chai ya tangawizi kabisa. Na mwezi wa tatu huyu aliandika uzi wa kutafuta chumba cha mtu mmoja Sinza.

Mpangaji wa Tabata
Chumba kilikuwa cha mdogo wangu! Na paka ninao, kwa nini nidanganye kuhusu paka?

Jicho la Tatu
Picha.

Daktari wa Ng'ombe
Jicho anasema kweli kwa sehemu kubwa. Rangi ya chungwa inabebwa na kromosomu ya X. Ili paka awe na chungwa na nyeusi pamoja, kwa kawaida anahitaji X mbili, ndiyo maana karibu wote ni majike. Dume wa hivyo hukadiriwa mmoja kati ya 3,000, na mara nyingi hazai. Lakini kukosea jinsia ya kitoto cha paka si ajabu, hata sisi hukosea. Tuma picha, ya tumbo.

Mpangaji wa Tabata
Hiyo hapo. Yanga huyo, kwenye kochi lililochanika. Kanenepa sana kwa sababu ya changu.

Daktari wa Ng'ombe
Si changu. Chuchu zimejitokeza na zimekuwa za waridi. Mimba ya paka ni kama miezi miwili, na hii imefika mwisho. Yanga wako ni mama.

Mtani wa Jangwani
Wakuu ngoja. Kwa hiyo Simba kamfunga Yanga. Nyumbani kwake. Nimekaa chini.

Dagaa Mchele
Refa alikuwa anaoga.

Bi Mkubwa wa Kibokoni
Lakini si ni ndugu hao?

Daktari wa Ng'ombe
Paka hawaangalii ukoo, mama. Ndiyo maana husemwa wahasiwe mapema, jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Mleta uzi, mwekee boksi lenye nguo kuukuu mahali penye giza. Usimsafirishe popote.

Kiroboto
Mleta uzi yuko wapi? Leo Ijumaa.

Mpangaji wa Tabata
Niko hapa. Nimerudi kazini, namwita haji. Nimemtafuta darini, jikoni, chini ya kitanda. Nimemkuta kwenye begi la nguo za mtoto ambalo mke alilifua na kulipanga kabla hajaondoka. Lilikuwa wazi kidogo. Wako wanne. Simba kakaa mlangoni, hataki nipite.

Mama Wawili
Jamani! Rangi gani?

Mpangaji wa Tabata
Wawili chungwa, mmoja mweusi, mmoja rangi tatu. Boda kapiga simu kuuliza kesho afike saa ngapi. Nimemwambia aje na dagaa robo, kwenye ile ile elfu tano.

Jicho la Tatu
Naomba mmoja wa chungwa. Ila kwanza dakitari amkague.