Vidonge vya manjano "vinavyopanda kichwani": nimnunulie mama au napigwa?

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, habari za muda. Mama yangu ana miaka 71, nakaa naye hapa Tanga. Tangu mfungo uliopita amekuwa msahaulifu. Juzi kabandika maharage, katoka kwenda kwa jirani, kilichotushtua ni harufu. Chungu kiliungua mpaka kikapasuka. Kuna dada mtaani anauza vidonge vya manjano, kile kiungo cha mchuzi, kopo sh 85,000, anasema vina polifenoli "zinazopanda moja kwa moja kichwani". Mama ana sukari, metformini anameza mwaka wa 9 huu. Hivi hivyo vitu vya mimea vinafika ubongoni kweli? Naomba kuwasilisha.

Fundi Maabara: Pole mkuu. Polifenoli ni kemikali za mimea, ndizo zinazoipa choya wekundu, zambarau weusi, na chai ya rangi ule ukakasi. Mama akinywa choya, kidogo tu kinanyonywa kwenye utumbo mwembamba, nacho kikipita kwenye ini kinageuzwa ili kitoke upesi na mkojo. Kingi kinashuka utumbo mpana, bakteria wa huko wanakikatakata, na vipande ndivyo vinavyoingia kwenye damu. Yaani kinachobisha hodi ubongoni si kile alichokunywa, ni mjukuu wake.

Na mlango wenyewe mgumu. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich aliwachoma wanyama sindano za rangi. Viungo vingine vikakolea, ubongo ukabaki vilevile. Seli za mishipa ya damu kichwani zimebanana, na zina pampu za kumtimua mgeni aliyepenya. Vipo vipande vinavyopita, vimeonekana kwenye ubongo wa panya, ila ni kiduchu.

Kijiti Kikavu: Kwa hiyo elfu 85 inaishia chooni 😂

Fundi Maabara: Karibu yote. Kurkumini, ndiyo polifenoli ya manjano, ni ngumu kunyonywa. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 pamoja na miligramu 20 za piperini, ile ya pilipili manga, na iliyoingia kwenye damu ikawa kama mara 20 ya ile inayomezwa bila piperini. Ndiyo maana makopo mengi yanachanganywa na pilipili manga. Lakini mara 20 ya kiduchu ni kiduchu bado, na piperini hiyohiyo inaweza kulizuia ini kusafisha dawa nyingine. Bibi mwenye dawa zake mimi nisingempa kienyeji.

Zambarau Moja: Kitu kinaweza kuusaidia ubongo bila kuuingia. Flavanoli, ndizo polifenoli za kakao, hulegeza mishipa, damu ikapita vizuri. Ila msizichangamkie sana. Wamarekani waliwapa wazee miligramu 500 kila siku, utafiti wa watu zaidi ya 3,500, majibu yakatoka 2023: kwa wote kwa pamoja, kumbukumbu haikuwazidi waliopewa vidonge vitupu. Walioonekana kufaidika ni wale waliokuwa wanakula vibaya. Elfu 85 ni matunda na mchicha wa muda mrefu huo.

Mama Wawili: Jamani, mmeruka jambo. Metformini miaka 9! Ikitumiwa muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikipungua mtu anasahau, miguu inakufa ganzi. Mama mkwe wangu tulishaanza kumwita mzee wa watu, kumbe ni hiyo. Mwambie daktari apime B12 na tezi ya shingo. Metformini usimwachishe mwenyewe.

Mtoto wa Chumbageni: Dada umenishtua. Ganzi analalamika kila jioni, sisi tukawa tunasingizia baridi ya sakafu. Jumatatu nampeleka kliniki ya sukari. Kopo sinunui. Choya je, aendelee?

Fundi Maabara: Aendelee, bila kutia sukari. Chai ya rangi ndiyo aisogeze mbele saa moja baada ya kula, inazuia chuma cha maharage.

Mtoto wa Chumbageni: Maharage tena 😅 Ngoja kwanza nitafute chungu.