Paka 30 ndani ya vyumba viwili: sheria ya Kenya inaweka kikomo?

Kamati_ya_Ploti
Wakuu, ploti iko Nairobi, ghorofa ya pili, vyumba viwili, mpangaji mmoja na paka wanaokaribia 30. Mkojo unanuka hadi kwenye ngazi, na baadhi ya paka wana macho yenye usaha. Kuna sheria inayotaja idadi ya juu? Tuanzie kwa chifu, polisi au kaunti? Tena wapo wapangaji wanaozungumzia sumu.

Kifungu_kwa_Kifungu
Sumu kwanza, maana hiyo haingoji. Kumpa mnyama sumu ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na atakayeshtakiwa ni aliyeiweka, si mwenye paka.

Idadi: Sura ya 360 haina namba yoyote, wala haina kosa linaloitwa kurundika wanyama, yaani kufuga wengi kuliko unaoweza kuwatunza. Udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya 2. Kwa hiyo tafuteni sheria ya kaunti yenu, na mkikuta namba someni sentensi nzima: kuna namba ya kukataza na kuna namba ambayo ukiivuka unatakiwa tu leseni. Watu huchanganya hizo mbili. Angalieni pia kama paka wametajwa au ni mbwa peke yao.

Namba isipokuwepo, zimebaki njia mbili: ukatili au kero. Kumnyima mnyama chakula au maji ni ukatili, faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Paka mzima hula kama gramu 60 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo 30 wanamaliza karibu kilo 2. Faini hiyo haiwalishi hata wiki moja! Ndiyo maana ningeanza na kero.

Afya_Mtaani
Naunga mkono. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 118, inataja wazi kwamba jengo linalofugiwa wanyama au ndege kwa namna inayoudhi au kuhatarisha afya ni kero. Chini ya kifungu cha 119, afisa wa afya akiridhika anampa mhusika notisi ya kuiondoa kero ndani ya muda uliotajwa. Muda ukipita bila utekelezaji, suala linakwenda kwa hakimu. Chifu anaweza kusuluhisha, lakini notisi haitoki kwake.

Malalamiko mengi hufia hapa: barua inasema "paka ni wengi mno". Wingi peke yake si kero. Andikeni athari: harufu imefika wapi, tarehe gani, saa ngapi, kinyesi kimeonekana wapi, viroboto wameingia nyumba zipi. Wiki mbili za kumbukumbu zatosha. Wapangaji watie sahihi, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Picha zipigwe kutoka kwenye ngazi au ua, si ndani ya nyumba ya mtu.

Kosa la pili ni notisi inayosema "safisha" tu. Mpangaji atasafisha, afisa atafunga faili, na mwezi ujao harufu imerudi. Ombeni tarehe ya ukaguzi wa marudio iandikwe humo humo.

Mkasi
Upande wa wanyama wenyewe. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na hubeba kwa siku 63 hadi 65. Mkiondoa 20 mkaacha madume na majike wasiofungwa kizazi, mwaka hauishi mmerudi palepale. Watakaobaki, tuseme wawili au watatu, wahasiwe wote na wapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Kumwachia mpangaji hao wachache si huruma ya bure. Ukimnyang'anya wote, ataanza kuokota wengine, kwa sababu mara nyingi kurundika wanyama huambatana na ugonjwa wa akili. Mhusisheni ndugu yake anayemsikiliza.

Wanaoondolewa wasichanganywe siku hiyo hiyo na paka wa kwingine; macho yenye usaha mara nyingi ni virusi vya njia ya hewa. Na mpangaji akikubali kuwatoa, asaini karatasi yenye idadi na rangi ya kila mmoja, la sivyo kesho atasema aliibiwa.

Ng'ambo_na_Huku
Kuhusu kikomo cha namba, Wamarekani wamevutana mahakamani. Minnesota mwaka 1997 mahakama ya rufaa iliikubali sheria ya mji wa Sauk Rapids ya mbwa wawili kwa nyumba. Pennsylvania mwaka 1994 mahakama iliikataa ya mji wa Carnegie ya wanyama watano, kwa kuwa mji haukuonyesha namba hiyo inazuia madhara gani. Hawaii iliwahi kutunga kosa la kurundika: zaidi ya mbwa na paka 15, lakini ilikuwa lazima pia ithibitishwe kwamba hawatunzwi. Mimi napendelea hiyo ya Hawaii.

Kamati_ya_Ploti
Shukrani. Na akikataa kufungua mlango? Mwenye ploti ana ufunguo wa akiba.

Afya_Mtaani
Aingie afisa wa afya. Sheria inamruhusu kukagua kwa saa inayofaa, na kumzuia ni kosa. Ufunguo wa mwenye ploti ubaki mfukoni.