MREJESHO: ile bunduki kongwe ya mnadani

Jamani narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza toka huku Malindi kuhusu ile bunduki ya marisau ya mitutu miwili, shemeji yangu yuko Uingereza na leseni anayo, akataka tuchangie tuinunue mnada wa mtandaoni na hatukujua thamani yake.

Yule alosema tuachane na nakshi tuombe picha za mihuri chini ya mitutu (inayogongwa bunduki ikishapimwa nguvu), Mungu akuweke. Picha zilikuja, mitutu ya chuma cha kusokotwa, imechorekachoreka kama mkeka wa ukili, uzuri huo! Lakini muhuri umeandikwa NOT FOR BALL (si ya risasi moja nzima), muhuri wa zilizopimwa kati ya 1875 na 1887, na wa nitro, yaani baruti ya kisasa, hakuna hata mmoja, kwa hiyo ni ya baruti nyeusi ya zamani, na bei waloweka ilikuwa ya bunduki ya kupigia risasi za kisasa. Tukaiacha.

Tukaenda kwa ingine, haina urembo wowote ila imegongwa NITRO PROOF, tukaulizia na unene wa mitutu, tukajibiwa kwa namba, tukaweka dau tukashinda.

Sasa nilipochemka. Kamisheni ya mnada nilisahau kuipigia hesabu, na juu ya kamisheni kuna kodi, shemeji alinipigia saa tano usiku anagomba. Tena kitako kina ufa, picha zote zilipigwa upande usio na ufa, na mlinambia niombe pande zote mbili nikaona mnanichosha.

Fundi kauziba ufa kwa gundi, bunduki inapiga. Asanteni sana, mie mwenyewe bado sijaishika, naijua kwa picha tu.